Kiyoyozi Kilichompiga Mama Ndunge

Nimestaafu mwezi uliopita, na vijana wa karakana wamenipa adhabu. Wamesema kabla sijasahau niandike kitu cha kuwekwa kabatini, karibu na vile vitabu vya mashine ambavyo hakuna anayevifungua mpaka moshi utoke. Nimekubali kwa sharti moja: sitaandika nilipandishwa cheo lini wala nililipwa nini. Cheo hakijawahi kutengeneza hata pasi. Nitaandika kazi, na zaidi nitaandika kosa moja, kwa sababu mazuri yangu mnayajua. Nimeyasema mwenyewe mara nyingi wakati wa chai.

Mimi ni Mbithe, na kwa miaka thelathini na kidogo nimekuwa fundi wa umeme na majokofu katika hospitali ya misheni hapa Machakos. Kabla ya hapo nilifanya mazoezi ya kazi miezi sita kwenye kiwanda cha nguo kule Athi River, ambako nilikabidhiwa safu nzima ya pasi za mvuke na msimamizi aliyeamini kwamba msichana akishika bisibisi mvua hukatika. Nilitoka huko na vidole vilivyoungua na kiburi kingi.

Siku yangu ya kwanza hospitalini ilidumu dakika ishirini. Fundi mkuu alikuwa Mzee Kioko, mtu wa Katangi, mwembamba, na kofia ya sufi aliyoivaa hata jua likichoma. Hakuuliza cheti. Aliniambia niinue mguu, akaangalia chini ya kiatu changu kama mtu anayekagua kwato za ng'ombe.

"Hii ni kiatu ya kanisa," akasema. "Soli ni ya ngozi. Enda nyumbani, mwiitu, ukuje na ya mpira."

Mwiitu ni binti kwa Kikamba, na aliniita hivyo mpaka mwisho, hata nilipokuwa na watoto watatu. Nilirudi nyumbani nikinung'unika, nikaazima raba za kaka yangu zilizonipwaya. Kesho yake aliziangalia, akazikubali, akaniketisha mbele ya kiyoyozi cha dirisha kilichokufa. Akanikataza kukigusa mpaka saa sita mchana.

"Angalia. Nusa. Ukimaliza kunusa, nusa tena."

Ninyi mliozoea viyoyozi vya ukutani vyenye rimoti huenda hamjafungua kitu kama kile. Ni sanduku moja la bati, nusu yake ndani ya chumba na nusu nje, na kila kitu kimebanana humo: kompresa ya kusukuma gesi ya baridi, feni mbele na nyuma, swichi, nyaya, na sinia chini ya kukusanya maji yanayotona baridi ikigusa hewa yenye mvuke. Kufikia saa sita nilikuwa nimenusa vanishi iliyoungua na mkojo wa panya, na nimeuona waya uliotafunwa nyuma ya swichi. Sikuwa nimegusa hata skrubu. Mzee alikuja na kikombe chake cha chai, akasikiliza maelezo yangu, akanipa bisibisi.

Alikuwa na utaratibu wake, na sijaona ulioushinda. Anza na soketi na plagi, kwa sababu plagi iliyolegea huungua taratibu na hakuna anayeitazama. Kisha waya wa kutoka plagi hadi ndani. Kisha swichi, thamostati inayopima joto, kapasita, feni. Kompresa iwe ya mwisho. Wengi huanza na kompresa kwa sababu ndiyo kubwa na inanguruma, wanaihukumu kifo, kisha inagundulika kosa lilikuwa skrubu. Kuhusu kapasita, kile kimkebe kinachoisaidia kompresa kuamka, alinionya kwamba hubaki na umeme hata ukichomoa plagi. Nilimsikia. Sikumwamini. Mkono wangu wa kulia ulikufa ganzi hadi begani, na Mzee alisogeza tu kikombe chake mbali na kiwiko changu.

Jambo ambalo Mzee hakulifanya ni kueleza. Angekuonyesha pa kushika, pa kukata, kina cha kuchimba, lakini sababu alikaa nayo mwenyewe. Ukimwuliza kwa nini, alisema, "Utaona." Kuuliza si ujinga, wanasema, lakini ukijibiwa "utaona" mara kumi unaacha kuuliza. Kumbukeni hilo.

Sasa nifike maabara. Maabara yetu ya zamani ilikuwa jengo la peke yake nyuma ya wodi ya akina mama, na ilikuwa na kiyoyozi cha dirisha kilichofungwa na Mzee Kioko mwenyewe miaka mingi kabla yangu. Mashine ya kupima damu haikupenda joto, na madirisha hayakuweza kufunguliwa kwa sababu ya vumbi. Chumba cha pili kulikuwa na mtambo wa kuchemshia vyombo uliotoa mvuke mchana kutwa, ndiyo maana kile kiyoyozi kilitoa maji hata wakati wa kiangazi. Maji yale yalidondoka nje, upande wa nyuma, penye ua wa miiba pasipopita mtu.

Hakuna aliyepita pale isipokuwa Mama Ndunge. Alikuwa mfanyakazi wa usafi, mama wa Masii, mwenye sauti ya kuongoza kwaya, na kazi yake mojawapo ilikuwa kufua makoti meupe ya maabara. Maji yetu ya kisima yana chumvi, mnayajua. Sabuni haitoi povu, inaganda tu kama maziwa yaliyochacha. Siku moja, katika mwaka wangu wa nne, alinikuta nikibadilisha balbu.

"Mbithe, wewe ni fundi ama ni mapambo?" akaniuliza. "Hayo maji ya AC yanamwagika bure, na hayana chumvi. Nimeyajaribu. Povu inajaa beseni! Niwekee paipu iingie kwa mtungi."

Sisi ni watu wa kufukua mchanga wa mto tukitafuta maji. Kuambiwa maji yanamwagika bure ni kuambiwa nyumba inaungua. Mzee Kioko alikuwa likizo kwao, anavuna, na kazi yenyewe ilikuwa ya robo saa. Nilifunga kipande cha paipu kwenye tundu la sinia, nikakishusha hadi kwenye mtungi wa lita ishirini nilioukalisha juu ya bamba la simiti. Makoti yaling'aa. Daktari mmoja aliuliza kama tumebadilisha sabuni. Mzee aliporudi sikumwambia, si kwa kuficha, bali kwa sababu paipu ya maji si kazi ya umeme. Hivyo ndivyo nilivyofikiri wakati ule.

Miezi minne baadaye, kiangazi kikiwa kikali, mvua za mwisho wa mwaka hazijafika, nilisikia ukelele nyuma ya maabara. Nilimkuta Mama Ndunge chali, maji yamemwagika, kiganja kimeungua mstari mwekundu. Alikuwa ameinua mtungi kwa mkono mmoja na kushika bati la kiyoyozi kwa mkono wa pili ili ajiegemeze, mikono imelowa, miguu peku. Umeme ulimrusha. Ungemshika badala ya kumrusha, ningekuwa naandika habari nyingine. Tulimbeba hadi wodi hatua hamsini tu kutoka pale, na mkono wake haukuinuka vizuri mpaka kesho yake.

Msimamizi wa hospitali alikuwa Bwana Mutiso, mtu nadhifu, mwepesi wa barua. Jioni ile ile alituita, mimi na Mzee.

"Mzee, hii AC uliifunga wewe?"

"Ni mimi."

"Na kuichunguza kila mwaka ni wewe?"

"Ni mimi."

"Mtu karibu afe. Sasa mimi niandike nini?" Akageukia mashine yake ya taipu kana kwamba inajua. "Ijumaa kuna mkutano wa wafanyakazi wote. Kama sababu haijulikani, nitasoma barua ya uzembe. Na usiguse hiyo kitu tena, Mzee. Mbithe ataiangalia."

Mzee alikuwa amebakiza wiki tatu astaafu. Alikuwa ameshakodi chumba Katangi sokoni, afungue karakana yake ndogo ya kutengeneza redio na pasi. Fundi hana kitu kingine cha kuuza ila jina. Barua kama ile ingefika Katangi kabla yake, kwa sababu habari mbaya haingoji gari.

"Si useme kitu, Mzee?" nilimwambia tulipotoka nje.

"Niseme nini? Kama ni mimi, ni mimi. Tafuta."

Hiyo ilikuwa Jumanne. Niliapa kwamba Ijumaa haitafika kabla sijajua. Nilikasirika hasa, na hasira ikinipata mikono yangu hutulia, sijui kwa nini. Niliondoa fyuzi ya maabara nikaitia mfukoni, nikakishusha kiyoyozi, nikakipeleka karakana. Mama Ndunge alikuwa amemwambia Bwana Mutiso kwamba alikuwa anapangusa dirisha. Alifanya hivyo kunilinda mimi na mtungi wetu. Niliusikia huo uongo na nikanyamaza, kwa kuwa niliona mtungi hauhusiani. Kunyamaza kule bado kunaniuma.

Nilifuata utaratibu. Plagi ilikuwa nzima. Waya mzima. Swichi na thamostati safi. Kapasita niliimaliza nguvu kwanza, somo la bega likiwa bado kichwani. Jumatano mchana nikaufikia waya wa feni, na pale nikaona: ulikuwa unapita juu ya ukingo wa bati, na mtikisiko wa miaka ulikuwa umekwangua mpira wake mpaka shaba ikachungulia. Umeme ulikuwa unavujia kwenye bati pole pole. Si mwingi wa kukata fyuzi, lakini unatosha kumpiga mtu aliyelowa.

Ningeweza kuishia hapo. Bwana Mutiso alifurahi sana nilipomwonyesha. "Basi ndiyo hiyo! Waya umekwaruzika na Mzee hakuona. Andika." Nikarudi karakana nimeshika kalamu, na kalamu haikuandika. Ile shaba iliyochungulia ilikuwa nyeusi, imejaa vumbi la miaka na mafuta yaliyoganda. Mkwaruzo ule haukuwa wa mwezi huu wala wa mwaka huu. Kile kiyoyozi kilikuwa kikivuja umeme kwa muda mrefu, na watu walikuwa wakikigusa kila siku. Kwa nini kimpige mtu leo?

Jibu la swali kama hilo ni moja. Umeme unaovuja hutafuta njia ya kwenda ardhini, na fundi huuwekea njia yake: waya wa erthi, unaotoka kwenye bati la mashine hadi kwenye fimbo ya shaba iliyozikwa nje. Njia hiyo ikiwa nzima, mvujo unashuka kimya na wewe unagusa bati bila habari. Njia ikifa, wewe ndiwe fimbo.

Alhamisi asubuhi nilipima ule waya wa erthi kutoka soketi hadi nje. Mzima. Nikaufungua kwenye fimbo, nikairudisha fyuzi, nikafukuza watu, nikachukua taa yetu ya kupimia, balbu kubwa kwenye soketi yenye nyaya mbili. Waya mmoja kwenye umeme, wa pili kwenye fimbo. Erthi nzuri huiwasha ile balbu mpaka unafumba macho. Vijana, msifanye hivi, sasa mna kipimo cha maana na hamna kisingizio. Sisi tulikuwa na balbu. Ikawaka kidogo, wekundu wa kaa linalozimika.

Nilikimbia karakana. Mzee alikuwa amekaa kwenye kigoda, anasafisha koleo zilizokuwa safi.

"Mzee, erthi ya maabara imekufa."

"Haiwezi."

"Nimeipima na taa. Ni kaa tu."

"Haiwezi kufa, mwiitu. Hiyo niliipanda chini ya tundu la maji makusudi. Udongo ya pale ni kavu kama unga, ukiacha hivyo hakuna erthi. Sasa AC ikifanya kazi, inainywesha yenyewe. Kila siku. Hata kiangazi."

Miaka minne nilikuwa nikijua ilipo ile fimbo na sikujiuliza kwa nini imechimbiwa pale, pembeni, kwenye miiba, badala ya karibu na mlango kama za majengo mengine. Mzee hakuwa mtu wa kueleza, nami nilikuwa nimeacha kuuliza. Kikulacho ki nguoni mwako. Nilichukua jembe na debe.

Nilichimba kuizunguka fimbo. Udongo ulikuwa mwepesi, unapeperuka, hauna hata alama ya unyevu. Umbali wa mkono mmoja kutoka hapo, mtungi wa Mama Ndunge ulikuwa juu ya bamba lake la simiti, na paipu yangu imefungwa kwa ustadi mkubwa. Nikamwaga debe la kwanza la maji, likamezwa. Nikamwaga la pili. Nikakaa robo saa juu ya debe, naongea peke yangu maneno ambayo hayafai hospitali ya misheni. Kisha nikawasha balbu. Ikawaka nyeupe.

Niliilia ile balbu. Siandiki hivi kwa mapambo. Nilikuwa nimemwona Mama Ndunge chali, na nilijua sasa ni mkono wa nani uliomlaza pale.

Usiniulize kama nilishawishika kunyamaza. Nilishawishika. Ningefungua paipu, fimbo ingejinywesha tena, waya wa feni ungebeba lawama, Mzee angeenda Katangi na barua yake, na mimi ningekuwa fundi mkuu. Nilikaa na wazo hilo kwa muda wa kutosha kulijua sura. Kisha nikaandika ripoti ya ukurasa mmoja, kwamba mimi Mbithe niligeuza maji bila kuuliza, erthi ikakauka, na kosa lote ni langu.

Nilimpa Mzee aisome kabla ya kuipeleka. Aliisoma kwa kidole, polepole. Nilitegemea anifokee, na ningefurahi.

"Hapa umedanganya," akasema.

"Wapi?"

"Umesema kosa lote. Huo waya wa feni, ni mimi nilipitisha juu ya bati. Na hii mambo ya maji, nilimwambia nani? Miaka yote hiyo nimekaa nayo kwa kichwa kama mganga. Ningekufa barabarani, mngejua aje?" Akanyoosha mkono. "Lete kalamu."

"Mzee, ukiandika hivyo umejichafua bure! Nimetafuta siku tatu ndio uende nyumbani na jina safi!"

"Lete kalamu, mwiitu."

Akaandika mistari miwili chini ya yangu, akatia sahihi, akanipa nitie yangu kando. Tulimpelekea Bwana Mutiso pamoja. Mama Ndunge alitukuta mlangoni mwa ofisi, mkono kwenye bandeji, naye akaingia bila kuitwa akasema alikuwa anatoa maji na si kupangusa dirisha, na kama ni barua aandikiwe na yeye. Bwana Mutiso alitutazama sisi watatu kwa zamu. Alizoea watu wanaokimbia kosa, hakujua la kufanya na watu wanaolinyang'anyana. Mwishowe akaiweka ile ripoti kwenye faili ya maabara, na Ijumaa akasoma mambo ya usafi wa choo.

Tulitumia wiki ya mwisho ya Mzee kwa kazi ile. Nilipitisha waya mpya wa feni ndani ya mpira mzito, mbali na bati. Tulichimba shimo refu, tukazika fimbo mpya ndefu, tukalijaza mkaa na chumvi, tukapima ikiwa kavu kabisa, na ikakubali. Hapo ndipo Mama Ndunge aliporudishiwa mtungi wake. Na safari hii Mzee alieleza kila hatua, kwa shida, kama mtu anayeng'oa jino lake mwenyewe.

Siku ya kumuaga kulikuwa na chai na mandazi ukumbini, na Bwana Mutiso akatoa hotuba. Alisema Mzee Kioko ametumikia hospitali tangu ujana wake na anatuacha bila doa hata moja. Watu wakapiga makofi. Nami nilipiga, kwa nguvu kuliko wote, kwa sababu hayo ndiyo maneno niliyoyapigania, na sasa yalikuwa yamesemwa mbele ya watu.

Mzee akasimama, akavua ile kofia. Ilikuwa mara ya kwanza nione nywele zake.

"Bwana Mutiso, asante," akasema. "Lakini doa liko. Ni moja, liko kwa faili ya maabara, nimelitilia sahihi mimi na huyu mwiitu. Msilifiche. Mkileta fundi mpya, mpeni asome hiyo kwanza."